Kulia Sitini na Nne, Kushoto Hamsini na Moja

Dereva wa lori la saruji alikuwa na nyuso mbili, na usinielewe vibaya, sisemi alikuwa mnafiki. Nasema kichwa kilikuwa kimoja na nyuso mbili, zote zake, na zote alizipata kwa jasho. Ukikaa kushoto kwake unamwona mwanamume wa makamo, shavu limejaa, ngozi imetulia. Ukihamia kulia unamkuta babu wa watu: makunyanzi yameanzia pembe ya jicho yakateremka mpaka shingoni, madoa meusi na ya kahawia, ngozi imekakamaa kama turubai lililosahauliwa juani. Watu wa picha za pasipoti walikuwa wanampiga mara mbili mbili wakidhani kamera imeharibika.

Sababu yenyewe ilikuwa barabara tu. Usukani wa lori uko kulia, na dirisha la dereva liko kulia. Kwa miaka ishirini na minane alitoka kiwandani saa kumi na mbili asubuhi akielekea kaskazini, jua linachomoza kulia kwake. Mchana anashusha saruji ghalani, anakula, anageuza. Alasiri anarudi kusini, na jua nalo limeshahama, limekaa magharibi linamngoja, kulia kwake tena. Hata mpelelezi wa polisi hamfuati mtu namna hiyo. Kiyoyozi cha lori kilikufa mwaka wa pili, na tangu hapo kila fundi aliyeletwa alisema kipuri kiko njiani, basi dirisha likabaki wazi.

Kazini walimwita Sukani, kwa sababu hata kantini, akisubiri chai, mikono yake hukaa juu ya meza kama imeshika usukani. Madoa hayakumsumbua. Kilichomuuma Sukani ni shikamoo. Alikuwa na kaka, seremala, aliyemzidi miaka mitatu kamili. Lakini seremala anashinda karakana, kivulini, anapiga randa huku anasikiliza redio, na uso wake umebaki kama wa bwana harusi. Wakitoka pamoja, watu humwinamia Sukani kwanza: "Shikamoo, mzee." Kisha wanamgeukia seremala: "Mambo vipi?" Na seremala, badala ya kuwasahihisha, anajibu "Poa," anamshika mdogo wake mkono kama anamvusha barabara.

"Polepole, mzee wangu," humwambia. "Wajukuu hawajambo?"

Sukani hakuwa na mjukuu hata wa kuazima. Mtoto wake wa mwisho alikuwa kidato cha pili. Lakini huo ulikuwa mzaha wa nyumbani, na mzaha wa nyumbani unavumilika. Halafu akaja meneja mpya.

Meneja alikuwa kijana wa suti ya kubana na kiti cha kuzunguka, na kosa lake la kwanza lilikuwa kukiweka kiti hicho kwenye dirisha linalotazama geti. Malori yakitoka, dirisha lile linaona upande wa kulia wa dereva, basi. Kila asubuhi meneja anakunywa kahawa anamwona babu akipita na tani thelathini za saruji. Na mwezi uleule ikagundulika kwamba madereva wawili walijipunguzia umri. Mmoja alikuwa na miaka sitini na saba, akakiri mwenyewe huku anacheka. Kampuni inastaafisha watu wakifika sitini. Meneja akatangaza uhakiki.

"Mzee," alimwambia Sukani siku alipomwita ofisini, "faili lako linasema una miaka hamsini na mmoja."

"Ndiyo, bosi."

"Hamsini na mmoja ya wapi?"

Sasa, Sukani alikuwa na miaka hamsini na mmoja kweli. Naapa kwa niaba yake. Ila alizaliwa nyumbani, na cheti chake ni kiapo alichoapa mjomba wake mbele ya hakimu, na mjomba alishafariki. Daftari la shule lililiwa na mchwa. Mke wake, fundi cherehani, alisoma naye darasa moja, na cheti chake yeye ni safi kabisa; lakini meneja alisema darasa la kwanza la zamani hizo lilikuwa na watu wenye ndevu. Kamati ya uhakiki itakaa baada ya miezi mitatu, akaambiwa, ajiandae.

Alirudi nyumbani. Mbele yake kulikuwa na miaka tisa ya usukani: ada za yule wa kidato cha pili, bati la chumba cha nyuma, na zaidi ya hayo yote, kazi pekee aliyoijua na aliyoipenda. Mwondoe Sukani kwenye lori uone kama atajua afanye nini na mikono yake.

"Nenda kwa wakili," mke wake alimwambia, pini zikiwa mdomoni.

"Wakili wa nini? Hawajasema nina karatasi ya mzee. Wamesema nina sura ya mzee."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nitarekebisha sura."

Mke alitoa pini mdomoni moja moja, akazichoma kwenye kifuko chake, ndipo akasema: "Mume wangu, jua limekuingia kichwani sasa." Lakini Sukani alishasikia tangazo redioni, la kliniki ya ngozi inayowarudisha watu ujana kwa damu yao wenyewe, na mtu mwenye shida akisikia neno "wenyewe" anaona kama ameshapewa.

Kliniki ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vigae. Mapokezi kulikuwa na binti aliyemwambia, "Karibu, babu, umemsindikiza nani?" Sukani akakaa. Daktari alipotoka, Sukani aliona mwanamke mwenye uso uliovutwa vizuri kama shuka la hoteli. Akicheka, ni mdomo tu unaocheka, sehemu nyingine hazishiriki. Daktari alianza kwa kumtazama kulia, akitikisa kichwa kwa huruma ya kazi. Kisha Sukani akageuka kumjibu kitu yule binti.

Daktari akamsogelea. Akazunguka kushoto. Akarudi kulia. Akazunguka tena, kama mtu anayekagua gari la kununua.

"Huku umefanyiwa wapi?" akauliza, anagusa shavu la kushoto.

"Huko sijafanyiwa. Huko ndiko nilikozaliwa nako."

Basi hapo ndipo biashara ilipobadilika. Daktari alimkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akamletea maji ya baridi, akaanza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Tiba ni rahisi, alisema. Tunachota damu yako kidogo, tunaizungusha kwenye mashine, ile nyekundu inazama chini, juu yanabaki maji ya njano, ndiyo plazima, na ndani yake zimejaa zile chembe zinazogandisha damu na kuponya kidonda. Tunayachoma usoni, ngozi inadanganyika inadhani imeumia, inaanza kujijenga upya. Mara tatu, kila baada ya mwezi. Halafu akashusha sauti na kuongeza mwendo, kama msomaji wa masharti redioni: matokeo hutofautiana kati ya mtu na mtu, na jua la miaka ishirini na minane haliondoki lote kwa sindano tatu. Kisha sauti ikapanda tena.

"Na wewe, mzee wangu, hutalipa chochote. Tunataka picha yako tu. Moja, ya mbele."

"Picha ya nini?"

"Ya bango. Upande huu tunaandika KABLA. Upande huu tunaandika BAADA."

Sukani ni dereva, lakini hakuwa mjinga. "Daktari, huku hamjagusa."

"Na sisi hatujaandika kwamba tumegusa," daktari alisema, kwa utulivu kabisa. "Tumeandika KABLA na BAADA. Kabla ya nini, baada ya nini, hiyo kila mtu atajaza mwenyewe."

Kama angeondoka hapo, ningekuwa sina hadithi. Lakini tiba ya bure, kamati inakuja, uso ni wake, na nani ataumia? Akakaa mbele ya kamera akiwa na shati lake la kazi, lile lenye nembo ya kampuni kifuani, kwa kuwa alikuwa ametokea kazini. Akasaini karatasi iliyosema: Nimeridhika na huduma. Alikuwa bado hajachomwa hata sindano moja.

Walimchota damu mkononi, wakaijaza kwenye vichupa viwili, wakaviweka kwenye mashine, kimoja huku na kingine kule, mkabala. Hilo lilimfurahisha. "Mnabalansi," alimwambia binti, "kama tairi." Binti akasema bila hivyo mashine inatetemeka mpaka inatembea mezani. Ilikuwa mara pekee siku ile Sukani kuelewa kinachoendelea. Baada ya hapo walimpaka ganzi, wakaanza kumchoma na sindano nyembamba kama unywele, kutoka kwenye jicho kushuka. Alihesabu hamsini, akapoteza hesabu, akaanza kumtaja mama yake.

"Siku saba usikae juani," daktari alimwambia, anavua glavu.

"Mimi ni dereva wa masafa."

"Basi paka hii," akampa mafuta ya kuzuia jua, kitubu kidogo kama cha dawa ya meno ya mtoto.

Kesho yake saa kumi na mbili alitoka getini, uso umevimba kulia kama kaweka andazi shavuni, na jua likachomoza palepale linapochomozea siku zote. Mke alikuwa amemshonea kitambaa cha kuning'inia kutoka kwenye kofia upande wa kulia. Askari wa barabarani walimsimamisha mara tatu kumpa pole ya jino.

Alirudi kliniki mwezi wa pili, na wa tatu. Baada ya sindano ya mwisho mke alimkalisha chini ya taa ya cherehani, akamkagua kama anavyokagua pindo.

"Niambie kweli."

"Makunyanzi yapo. Madoa yapo." Akapitisha kidole. "Ila imelainika kidogo. Kama kitambaa kilichopigwa pasi ya baridi."

"Kwa hiyo sasa nina miaka mingapi?"

"Una miaka yangu," mke alisema, "kama siku zote." Akazima taa.

Wakati huo bango lilishasimama. Kliniki ilikuwa imetafuta mahali pa kuliweka, ikachagua pale kwenye mizani, malori yote yanapopanga foleni kupimwa uzito, mahali ambapo mtu hana cha kufanya ila kutazama. Lilikuwa kubwa kama ukuta wa nyumba, uso wa Sukani umekatwa katikati kwa mstari mweupe, na chini yake: DAMU YAKO MWENYEWE, UJANA WAKO MWENYEWE. Kulia kwake babu, KABLA. Kushoto mwanamume wa makamo anatabasamu nusu, BAADA. Na nembo ya kampuni kifuani inang'aa.

Ee bwana wee! Jina la Sukani lilikufa siku hiyohiyo. Karani wa mizani alikuwa anatoa kichwa dirishani: "Leo nimpime nani, Kabla au Baada?" Madereva wakampigia honi. Seremala alipanda bodaboda makusudi kwenda kuliona, akapiga nalo picha, akiwa ameegemea upande wa KABLA kwa heshima. Lakini simu za kliniki hazikupoa. Mabibi wa mjini walijaa mpaka kwenye ngazi za duka la vigae. Hata ofisini kwao Sukani wanawake walianza kuja na mashavu mekundu, wakiulizwa wanasema sabuni mpya imewadhuru.

Naye Sukani, nisimfiche, alianza kulipenda lile bango. Alikuwa anapunguza mwendo akilikaribia. Akalizoea hata akasahau kwamba ni uongo.

Kamati ilikaa siku ya Jumatano, chumba cha mikutano, meza ndefu, chupa za maji zimepangwa kama askari. Walikuwa watatu. Meneja na kompyuta yake. Mwakilishi wa wafanyakazi, fundi wa matairi, ambaye kwenye kiti laini hupatwa na usingizi wa ajabu. Na katikati mwenyekiti, mkuu wa utumishi, mama mmoja mtaratibu aliyepakaza poda nyingi siku hiyo kuliko kawaida yake.

Meneja alisoma ripoti ya daktari wa kampuni, mzee mwangalifu asiyetaka ugomvi na mtu. Daktari yule alikuwa amemkagua Sukani meno, magoti na uso, akaandika: "Kwa upande wa kulia, miaka sitini na nne. Kwa upande wa kushoto, hamsini na mmoja."

"Unaona!" Sukani alishindwa kujizuia. "Hamsini na mmoja! Kaipata barabara!"

"Subiri, mzee." Meneja aligeuza kompyuta. Kwenye kioo palikuwa na bango, na kando yake ile karatasi aliyosaini, ambayo kliniki iliitangaza mtandaoni. "Huyu ni nani?"

"Mimi."

"Hii ni sahihi yako? Nimeridhika na huduma?"

"Yangu."

"Basi huku kushoto ni BAADA. Umetengenezwa. Na huku kulia ni KABLA, ndiyo sura yako halisi, ya miaka sitini na nne. Mzee, umekwenda kununua miaka kliniki ili uje kutudanganya, tena kwa shati letu."

Sukani alishika shavu la kushoto. Ule upande mmoja uliokuwa shahidi wake, shahidi pekee ambaye hakufa wala hakuliwa na mchwa, alikuwa ameutoa mwenyewe, bure, ukaandikwe BAADA. "Bosi, hawakugusa huku. Walichoma kulia tu. Kushoto ni kwangu."

"Kwa hiyo bango ni la uongo?"

"Ni la uongo."

"Na wewe ulisaini uongo, ukiwa umevaa nembo ya kampuni, mbele ya umma?" Meneja aliegemea nyuma, kiti kikazunguka kidogo. "Chagua mwenyewe. Ama ulitudanganya sisi umri, unastaafu leo. Ama uliwadanganya wananchi kwa jina letu, unafukuzwa leo."

Simu ya meneja ikaita, akatazama jina, akatoka mbio mbio akisema "Ndiyo, mpenzi." Fundi wa matairi alikuwa amelala mdomo wazi. Ikawa kama wamebaki wawili tu, Sukani na mwenyekiti, na ni hapo alipomtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Chini ya poda, mashavuni, kulikuwa na vidoa vyekundu, vidogo vidogo, kwa mistari. Mtu aliyechomwa mara tatu hahitaji kuambiwa vile ni nini.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe unajua. Humu ndani ni wewe peke yako unayejua."

Mama yule alishika shavu, kisha akaushusha mkono kwa aibu. "Mara ngapi wewe?"

"Tatu. Kulia."

"Mimi mbili." Akatazama mlango. "Nilikuona kwenye bango. Nikasema, kama tiba imemrudisha dereva wa saruji, mimi wa ofisini si nitarudi msichana?" Akafungua mkoba, akatoa kioo kidogo, akajitazama, akakishusha. "Niambie kweli, kama dada yako. Unaona tofauti?"

Ewe Sukani! Kulikuwa na majibu elfu. Angeweza kusema amependeza, wanaume husema hivyo kila siku na hakuna anayepelekwa mahakamani. Lakini akisema tiba imefanya kazi, ndio amesema bango ni kweli, na akisema bango ni kweli, amekwisha. Tena alikuwa amechoka na nusu nusu. Akaegemea mbele, akamtazama kulia, akamtazama kushoto, akaona uso wa mama aliyechoka, mzuri tu, wa umri wake.

"Sioni kitu, mama," alisema. "Labda imelainika kidogo."

Hiyo ilikuwa kweli tupu, na akaenda kumwambia mtu aliyeshika kalamu ya kumwandikia. Mama alifunga kioo. Machozi yalimlengalenga, na Sukani akaona aibu kama ndiye aliyemchoma zile sindano.

"Niliwapeleka wanawake saba pale," mama alisema. "Wote wa humu ofisini, isipokuwa mmoja. Huyo mmoja ni mke wa meneja. Ndiye anayempigia sasa hivi."

Sukani alitazama mlango alikopitia meneja. Alielewa. Ili miaka yake tisa ipone, mama huyu itabidi asimame aseme mbele ya bosi wake kwamba yeye na wale saba, mke wa bosi mwenyewe akiwemo, wamechomwa nyuso kwa ajili ya shavu ambalo Mungu alilitengeneza bure. Ni kitu kigumu kumwomba mtu, jamani. Mimi nisingethubutu.

Meneja alirudi, anaweka simu mfukoni. Mwenyekiti akakaa sawa, akagonga kalamu mezani, na fundi wa matairi akashtuka.

"Nimetafakari," alisema. "Tukisema kushoto si kwake, daktari wetu ameona vibaya. Tukisema kulia si kwake, sisi tumeona vibaya. Kamati haiwezi kuona vibaya. Napendekeza tuchukue wastani."

"Wastani wa nini?" aliuliza Sukani.

"Wa nyuso." Aliandika pembeni ya faili. "Sitini na nne ujumlishe hamsini na mmoja, mia moja na kumi na tano. Gawanya kwa mbili. Hamsini na saba na nusu."

Meneja alifikiri, akakunja midomo, uso ukachangamka. "Hiyo ni ya kitaalamu."

"Naunga mkono," alisema fundi wa matairi, ambaye hakujua kilichokuwa kinaungwa.

"Hafukuzwi, hastaafu leo," mama aliendelea, anamkwepa Sukani macho. "Anabaki na miaka miwili na nusu. Na suala la bango lisiandikwe kwenye kumbukumbu, litachafua jina la kampuni."

Wakamsogezea karatasi. Ilikuwa imeandikwa kwamba yeye, dereva, anakubali kwa hiari yake kuwa na umri wa miaka hamsini na saba na nusu, na kwamba faili lake litarekebishwa. Sukani aliisoma mara mbili. Alikuwa ameingia chumba kile na miaka hamsini na mmoja, na kwa muda wa kunywa glasi ya maji alikuwa ameishi sita na nusu zaidi, bila kula, bila kulala, bila kumwona mtoto wake hata siku moja ndani yake. Akawaza kusimama na kupindua meza. Akawaza kuuonyesha kidole uso wa mama yule mbele ya meneja. Kisha akaona neno "fukuzwa" lilivyokuwa linamngoja mlangoni, na mikono yake mezani, imeshika usukani usiokuwepo. Akasaini.

"Nimekuokoa, Sukani," mama alimnong'oneza wakati wa kutoka.

"Asante, mama," alijibu, na kwa kweli ndivyo ilivyomtoka.

Jioni alipofika nyumbani seremala alikuwepo, ameleta stuli aliyotengeneza kwa ajili ya cherehani. Sukani alisimulia yote akiwa amesimama. Alisimulia vizuri, maana barabara humfundisha mtu kusimulia: akamwigiza meneja na kiti chake, akamwigiza fundi wa matairi akiamka, akakoroma, akaunga mkono. Mke alicheka mpaka akaegemea mashine. Akasema kwa hesabu hiyo basi mumewe alianza darasa la kwanza akiwa na miaka kumi na mitatu, ndiyo maana alikuwa anapiga wenzake. Seremala naye alikuwa anahesabu kwa vidole, midomo inacheza.

"Ngoja," alisema. "Ngoja kwanza. Mimi nina hamsini na nne."

"Ndiyo."

"Na wewe kuanzia leo una hamsini na saba na nusu. Kwa maandishi."

"Kwa maandishi, na muhuri."

Seremala akavua kofia yake iliyojaa vumbi la mbao. Akaja mbele ya mdogo wake, ambaye utotoni yeye ndiye alikuwa anambeba mgongoni kumvusha mto, akainamisha kichwa kwa adabu kabisa.

"Shikamoo, kaka."

Walicheka wote watatu. Mke alikuwa anajifuta machozi kwa kipande cha bitana. Kicheko kikapungua, kikaisha, na seremala bado ameinama, kofia mkononi, anangoja kama mtu yeyote anavyongoja akishasalimia. Sukani alikuwa ameamkiwa na watu wengi namna ile barabarani, miaka na miaka, na mdomo ulishazoea, haukumuuliza mwenyewe.

"Marahaba," alisema.

Seremala aliinua kichwa taratibu. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni. Mke aliacha kujifuta.

"Umeitikia," mke alisema.